Damu ya Chumba cha Saba

Pyo Gyu-min alifeli mtihani huu wa udaktari mwaka jana. Akifeli tena, mwaka mwingine unakwenda na maji. Vyumba kumi na viwili, kila kimoja dakika kumi. Ndani kuna mwigizaji anayejifanya mgonjwa, nyuma ya kioo kuna mwalimu anayetia alama kwenye orodha. Kengele ikilia unahama. Usipohama, chumba kinachofuata umekipoteza.

Chumba cha saba alikuwamo mlevi aliyepasuka kichwa. Mwigizaji wake, Bang Chun-sik, zamani alikuwa akiangushwa farasini kwenye sinema. Shingo kama gogo. Gyu-min aliinama kwa heshima, akanawa mikono, akamwuliza jina.

"Jina langu la nini, we mtoto? Unataka kunioa?"

Chun-sik akamkaba ukosi, kama karatasi yake ya uigizaji ilivyomwagiza, akambamiza ukutani. Gyu-min akazidi kuuliza huku koo limebanwa: mzee ameanguka saa ngapi, ametapika? Chun-sik akamvuta tena, akateleza kwenye maji ya sinki, na mkono wake ukapasua kioo cha kabati ukazama hadi kiwiko.

Damu iliruka mpaka darini. Mwalimu hakusogea, maana siku hiyo waigizaji walipewa mifuko ya damu bandia. Gyu-min naye alidhani ni hiyo, hadi ikamwingia mdomoni, ya moto, ya chumvi.

"Mzee, acha kuigiza. Unakufa."

Chun-sik akamrushia ngumi ya sikio, akamnong'oneza, "Nikiacha wanafuta alama zako, mjinga. Niulize maswali."

Uso wake ulishakuwa mweupe kama wali. Gyu-min akampiga taya, akamwangusha, akamkalia tumboni, akaukaba mkono ule kwa vidole vyote kumi. Chun-sik alipiga mateke na kutukana, kisha mateke yakalegea.

Kengele ikalia. Kipaza sauti kikamtaka mtahiniwa ahame. Gyu-min akasema kwa nguvu kwamba damu ni ya kweli, lakini sauti ile ilikuwa ya kurekodiwa, ikarudia maneno yaleyale, na mwalimu alikuwa ameinamia orodha yake akijumlisha.

Mlango ukafunguka. Mtahiniwa aliyefuata akaingia, akainama, akaenda kunawa mikono.

"Naomba jina lako, mzee," alisema kwa adabu.

"Achana na jina," Gyu-min akamwambia. "Vua mkanda wako, umfunge mkono hapa juu ya jeraha."

Ng'ambo ya ukuta, mlango wa chumba cha nane ulifungwa. Gyu-min aliusikia. Hakuondoa vidole.