Waya Dirishani

"Usiutoe," mama mkwe alisema. "Mwanangu yuko njiani. Akiita, nani atamsikia?"

Alikuwa amesimama kati yangu na meza ya redio, mtandio umemshuka mabegani, mkono mmoja ameuweka juu ya redio kama anayemzuia mtoto asianguke. Ilikuwa alasiri, lakini chumba kilikuwa kimeingia giza hata sikuuona vizuri uso wake. Nyuma yake, kwenye kochi, binti yangu alikuwa amelala, mguu mmoja unaning'inia. Ngurumo ya kwanza ilitoka mbali. Ya pili ilitikisa vikombe kabatini.

Mume wangu alikuwa fundi wa pampu za maji. Kazi ilimpeleka kwenye visima vya huko ambako simu hazikuwa zimefika, na hiyo ndiyo ilikuwa sababu yake ya kupenda redio, au kisingizio chake. Si redio ya kusikilizia taarifa ya habari. Hii ilikuwa redio ya kuongea, yenye leseni, moja nyumbani na nyingine garini. Watu walimwita Hewani. Akipita sokoni utasikia, "Hewani, huko juu wanasemaje leo?" Naye hujibu bila kusimama, "Wanakuulizia wewe."

Kwa utani hakuwa na mpinzani, ila penye umeme alikuwa mtu mwingine. Siku ya kusimamisha mlingoti wa antena aliulaza kwanza chini, ncha imeelekea nyaya za umeme za barabarani, aone kama ukianguka utazifikia. Aliona umekaribia mno. Akaubeba hadi nyuma ya nyumba, akaulaza tena, akazunguka akiutazama.

"Umelaza maiti gani uani kwangu?" mama yake aliuliza kutoka jikoni.

Tulicheka wote watatu. Mtu hucheka hajui anachokichekea.

Alipigilia fimbo ya shaba ardhini, akaiunga na mlingoti, ili radi ikishuka ipate njia ya kwenda zake bila kupitia kwetu. Hata hivyo hakuitegemea sana fimbo hiyo. Alichotegemea ni sisi kuutoa waya. Waya wa antena uliingilia dirishani, ukapita juu ya kochi, ukafungwa nyuma ya redio kwa kifungo cha kuzungusha kwa vidole. Ngurumo ikisikika, hata iwe mbali namna gani, unazungusha, unachomoa, unautoa waya nje, na ncha yake unaitumbukiza kwenye chupa tupu ya jemu aliyoifunga chini ya dirisha. "Radi haipigi hodi," alikuwa akisema. "Ukingoja uione, umechelewa."

Somo hilo nililipata nikichambua mchele, nikinyonyesha, nikisinzia. Niliitikia "ehee" huku akili iko kwenye sufuria. Akawa ananitazama, akitikisa kichwa. "Sikio la kufa halisikii dawa," ananiambia, kisha anaanza upya toka mwanzo. Na gari nalo lilikuwa na sheria zake: nyaya ziende moja kwa moja kwenye betri, kila mmoja na fyuzi yake, redio ikazwe kwa bolti isije ikamrukia mtu usoni, na dereva asiongee akiendesha. Asimame kwanza.

Mama mkwe naye aliniita bi arusi. Nilikuwa na mtoto anayekimbia, visigino vimeshapasuka, na bado nilikuwa bi arusi. "Bi arusi, leo tunakula au tunatazamana?" Mwanzoni jina hilo liliniudhi. Baadaye nikalipenda, na lingekosekana ningelitafuta.

Alasiri ile hakuniita hivyo.

"Mama, tafadhali nipishe."

"Unamkatia mwanangu sauti."

"Ni yeye aliyesema tuutoe."

"Alisema akiwa hapa ndani. Sasa yuko nje."

Nilimtazama mtoto. Waya ulipita juu ya kichwa chake, mweusi, umetulia. Nikamshika mama mkwe mabega, mimi ambaye sikuwahi hata kumpita mbele bila kuomba radhi, nikamsogeza. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani. Nikaizima redio, nikaichomoa kwenye umeme, nikazungusha kile kifungo, nikautoa waya mvuani. Nilifanya yote kwa mpangilio alionifundisha mume wangu.

Mvua ilipiga mpaka magharibi. Radi haikutupiga. Haikupiga mlingoti, wala mti, wala paa la jirani. Ilinguruma juu yetu, ikapita, ikatuacha na vikombe vyetu vizima.

"Radi yako iko wapi?" mama mkwe aliuliza.

Nilirudisha waya, nikawasha, nikamwita mume wangu mpaka sauti ikanikauka. Asubuhi askari walikuja kutuambia gari limeonekana chini ya kivuko cha mto, limelala ubavu. Yeye mwenyewe walimkuta mbele zaidi, kwenye matete.

Mama mkwe hakunitukana. Ningeshukuru kama angenitukana. Mbele ya waombolezaji alisema mara moja tu, "Majuto ni mjukuu," bila kumtazama mtu, na kila mtu alijua anaambiwa nani. Baada ya hapo hakuniita kwa jina lolote. Alisema "Chumvi," akanyoosha mkono. Alisema "Mtoto analia," akageukia ukuta. Tuliishi hivyo chini ya paa moja, wajane wawili, kila mmoja na kilio chake.

Nami nilijua nimefanya sawa. Nalisema wazi, sina la kuficha: mtoto wangu alikuwa chini ya waya ule, na siku kama ile ikirudi nitautoa tena. Lakini kujua hivyo hakukunisaidia kitu. Nilitaka kujua kama aliniita. Nilimwona garini, mdomo karibu na kipaza sauti, anasubiri nimjibu. Nikaifunika redio kwa kitambaa, kwa sababu sikuweza kuitazama.

Miongoni mwa wale aliozoea kuongea nao hewani alikuwako fundi saa mmoja, mkazi wa ng'ambo ya vilima. Hatukuwahi kumwona. Tulimwita Kikohozi, maana hakuanza sentensi kabla ya kukohoa. Majani yalikuwa yameshaota kaburini niliposikia kikohozi mlangoni, nikamjua kabla hajapiga hodi.

Alikuwa mzee mwembamba, anapumua kwa shida. Mama mkwe alimpa kiti.

"Nimewaita kila jioni," alisema. "Hamjibu. Nikaona nikiendelea kungoja, nitakufa na jambo hili." Akakohoa. "Siku ile kwetu hakukuwa na mvua. Nilimsikia."

Mama mkwe alikaa chini polepole.

"Aliita hapa nyumbani. Alisema gari limezima kivukoni, chakula msimngojee. Akaita tena. Kimya. Kisha akacheka."

"Alicheka?" mama mkwe aliuliza.

"Alicheka, mama. Akasema, 'Ametoa waya. Kumbe siku zote alikuwa ananisikiliza!'"

Fundi saa aliendelea huku akiitazama sakafu. Yeye ndiye aliyeitikia, akamuuliza maji yamefika wapi. Akajibiwa yamefika kwenye vitasa vya milango. Akakimbilia simu ya dukani kuwaita askari, akarudi, akamkuta bado anaongea, anasema atapanda juu ya paa. Katikati ya neno sauti ikakatika. Betri ilikuwa imezama.

"Alichekaje?" mama mkwe aliuliza.

Mzee wa watu alijaribu. Alikunjua uso, akafungua mdomo, kikaja kikohozi, kikamshika mpaka nikamletea maji. Mama mkwe aliinuka, akaingia chumbani kwake, akafunga mlango. Nilimsikia akilia, kilio ambacho hakukilia hata siku ya mazishi. Nami nililia palepale, mbele ya mgeni, glasi mkononi.

Sikumuua. Nilikuwa nalijua hilo. Nilichopoteza ni kile kicheko, kilichokuwa changu, na akakisikia mtu mwingine.

Niliondoa kitambaa. Jioni nikawa nawasha redio, nasikiliza tu. Siku moja mama mkwe alileta kiti chake karibu na meza. Alisema hapo pana mwanga mzuri wa kushonea. Sikumuuliza anashona nini.

Kisha msimu wa mvua ukarudi. Nilikuwa uani nafua, jua bado linawaka, mbingu safi upande wangu wote.

"Bi arusi!"

Nilisimama na nguo inachuruzika mkononi. Nilidhani nimeota.

"Bi arusi, husikii? Ngurumo hiyo. Njoo utoe waya."

Mimi sikuwa nimesikia chochote. Nilifuta mikono mpaka ikakauka kabisa, kama mume wangu alivyotaka tufanye kabla ya kugusa redio, nikaingia. Mama mkwe alikuwa ameshasogeza kiti chake, kunipisha.