Vidonge vya Mtani

Mara ya kwanza Theodora alipopimwa, alisoma Zaburi nzima kimoyomoyo huku Sista Ethel akimchukua ute kwa kijiti chenye pamba. Mficha uchi hazai, alijiambia, na muwasho ule ulikuwa umemtesa miezi miwili. Sista aliupeleka ute mbio kwenye chumba cha kupimia, maana vidudu vile vikipoa huacha kucheza, na visipocheza ni vigumu kuvitambua. Cecil, mpimaji wa hospitali, akauchanganya na tone la maji ya chumvi juu ya kioo, akalitafuta jua la dirishani kwa kioo cha hadubini, akachungulia.

"Vipo," alisema. "Vina mikia, vinahangaika kama watu waliochelewa misa."

Mwaka ule wa 1960 hospitali ya misheni ilikuwa imepokea dawa mpya. Theodora akaimeza siku saba, akapona, akamshukuru Mungu. Baada ya mwezi mmoja muwasho ukarudi. Akapimwa tena, vidudu navyo vimerudi.

"Mama Regina," Sista Ethel alimwambia, "wewe unapona, kisha Baba Regina anakuambukiza upya. Mwanamume anaweza kuwa navyo asisikie lolote. Mmeze wote wawili, wiki moja, na wiki hiyo kila mtu alale kwake."

Jambo lilikuwa zito kuliko muwasho. Kwa desturi yao mume huhamia kwao mke, na mwenye neno la mwisho ni mjomba. Mjomba wake Theodora, Mzee Nikolao wa Newala, alikuwa amekwisha kulitoa neno hilo: "Krismasi ikikuta bado unaugua, huyo seremala wako akunje mkeka wake arudi kwao." Theodora alijibu, "Ndiyo, mjomba," lakini moyo ulikataa. Miaka tisa ya ndoa, na bado ikifika jioni alikuwa akitega sikio asikie kengele ya baiskeli ya Barnaba.

Basi Sista akatunga barua ya kumweleza Barnaba, Cecil akaiandika kwa Kiswahili, na Cecil huyo huyo akatumwa kuipeleka. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Ukoo wa Cecil na ukoo wa Barnaba walikuwa watani tangu enzi za babu zao. Mtani ana ruhusa ya kukutukana mbele ya wakwe zako, nawe huna ruhusa ya kukasirika wala kumwamini.

Cecil alifika barazani kwa Barnaba amevaa koti lake jeupe, uso umekunjamana.

"Mtani," alisema, "leo sitanii."

Barnaba akaanza kucheka hapo hapo. "Hata Pasaka ulisema hutanii, ukaniambia nyumba yangu inaungua. Nilitoka mbio kwa kinyozi nusu ya kichwa ikiwa bado na nywele!"

"Ule ulikuwa utani. Hii ni hospitali. Soma barua ya Sista."

Barnaba akaisoma, akacheka mpaka akashika nguzo. "Huu si mwandiko wako, mtani? Hata herufi ya B ina kitambi kama chako!"

"Basi nenda kamuulize Sista mwenyewe."

"Nikamuulize mwanamke wa Kizungu habari za ndani ya suruali yangu? Waingereza wanafungasha mizigo, mtani. Waache waende zao, heshima yangu ibaki hapa."

Theodora akaingilia. "Baba Regina, ni kweli. Hata mimi nimeambiwa."

"Ameshakuweka na wewe mfukoni," alisema Barnaba, akajifuta machozi.

Theodora hakukata tamaa. Kesho yake alimvuta mumewe mpaka hospitali. Sista alichukua ute tena, akauacha kwa Cecil, akaenda zahanati ya Lulindi kwa gari. Barnaba akainama juu ya hadubini, akaruka nyuma.

"Yesu wangu! Lina manyoya!"

"Hizo ni kope zako, mtani. Fumbua jicho vizuri."

Akainama tena. Safari hii hakuruka; alishika ukingo wa meza, akatazama, akatazama tena. Kisha kicheko kikaja, kikubwa kuliko vyote.

"Umeviteka kisimani hivi! Hata mimi nimevinywa tangu utoto!"

Lakini kicheko kile kilikuwa kimechelewa, na mke wa miaka tisa hupima kicheko cha mumewe kama mpishi apimavyo chumvi. Theodora akakumbuka kwamba Barnaba alikaa Newala miezi minne akitengeneza madawati, na muwasho ulianza aliporudi. Aliona sasa kwamba utani umekuwa kichaka, na mumewe amejificha humo.

Akamfuata Cecil nje. "Shemeji, ukweli umetushinda. Hebu tumia utani."

Cecil alimtazama, kisha akatabasamu kwa mara ya kwanza wiki ile. Mtani anaweza kuchukua kitu chako mchana kweupe, nawe sharti ukikomboe kwa lolote atakalotaja. Ukikasirika, umeuaibisha ukoo mzima.

Alasiri ile ile Cecil aliingia karakana ambamo Barnaba na wenzake walikuwa wakitengeneza mabenchi ya kanisa. Akachukua randa ya Barnaba, akaibana kwapani, akaelekea mlangoni.

"Mtani! Mabenchi yanatakiwa Krismasi!"

"Ikomboe."

"Taja."

"Kidonge asubuhi, kidonge mchana, kidonge jioni, mbele ya macho yangu, siku saba. Na siku hizo zote ulale barazani."

Karakana nzima ikalipuka kwa kicheko. "Kunywa sumu ya mtani, Barnaba!" walipiga kelele wenzake, wasijue ni dawa ya nini. Barnaba alitazama huku na huku. Hakuwa na njia.

Siku saba alichonga mbao kwa tezo badala ya randa huku akinung'unika. Nyumbani Theodora alimeza vyake. Barazani Cecil alimsimamia mtani wake kama polisi. Siku ya tatu akamwambia, "Inua ulimi." Kidonge kilikuwa pale chini, kinangoja kutemwa. Kikamezwa.

Jioni ya mwisho Theodora ndiye aliyeshika kikombe cha maji. Barnaba alimeza bila kucheka, akasubiri Cecil aondoke.

"Mama Regina," alisema polepole, "nisamehe habari za Newala."

"Malizia maji," alisema Theodora. Kisha akaongeza, "Nilikusamehe siku ulipochungulia. Ila ukirudia, mjomba hatahitaji kukufukuza. Nitakukunjia mkeka mimi."

Wiki ya Krismasi Theodora alipimwa tena. Cecil alichungulia kwa muda mrefu, akasogeza kioo kulia, akakisogeza kushoto, akainua kichwa.

"Hakuna hata kimoja, shemeji. Umepona."

Theodora alifungua kinywa amshukuru Mungu, kikabaki wazi. Mke wa mtani naye ni mtani, na mtani haaminiwi.

"Shemeji, usinione vibaya," alisema. "Naomba Sista naye achungulie, kabla ute haujapoa."

Sista Ethel akaitwa mbio, akachungulia, akatikisa kichwa. "Hakuna kitu, Mama Regina."

Ndipo Theodora akaketi kwenye benchi la wagonjwa, akasema "Amina!" kwa sauti kubwa hata waliokuwa wakingoja sindano wakaitikia.