Pumzi Yangu Iko kwa Katibu

Usiku wa jana niliota Apolonia yuko kichwa chini katika bwawa la mashindano. Miguu yake miwili imetokeza juu ya maji, imenyooka kama nguzo za goli, na spika ya chini ya maji inahesabu, "Saba. Saba. Saba."

Sikushangaa. Niliuliza tu yuko hivyo tangu lini.

"Miaka kumi na mmoja," spika ikajibu. "Samahani, usinikatishe. Saba."

Apolonia Luambano alikuwa mwenzangu. Niseme wazi, maana kuna watu husahau makusudi. Kwa miaka tisa sisi wawili ndio tulikuwa timu nzima ya taifa ya kuogelea kwa sanaa. Huo ni mchezo wa kucheza ngoma mahali pasipo na sakafu, muziki unapiga, hupumui, na bado unatakiwa kutabasamu. Mimi nilijifundisha mwenyewe katika tangi la kiwanda cha mkonge, karibu na Korogwe, alikofanya kazi baba yangu. Yeye alijifunza Iringa, kwenye maji ya baridi yaliyomzoesha kutolia. Mwalimu Kisamo akatukutanisha tukiwa na miaka kumi na minne, akasema vifundo vyetu vya miguu vinafanana. Basi na sisi tukafanana. Tulipakwa jelatini kwenye nywele, zisitawanyike majini, kwa brashi moja. Tulivunjana pua kwa visigino, kila mmoja mara moja, ili kuwe na usawa.

Kisha chama cha kuogelea kikaniletea barua. Umepumzishwa. Neno moja, mhuri mmoja. Wiki ile ile nikaambiwa Apolonia ameshapata mwenzake mpya, mpwa wa katibu. Sikumuuliza. Nilikuwa na hasira ya kunitosha mimi na ukoo mzima.

"Nane inakuja lini?" nikaiuliza spika.

"Kwenye nane mnatoka juu wote wawili. Kanuni ya wawili: wanaingia pamoja, wanatoka pamoja. Huyu yuko tayari. Wewe huna pumzi."

Nikajaribu kuvuta. Hakikuingia kitu. Kifua kilikuwa kama droo ya ofisi iliyohamwa.

"Iko wapi?"

"Kwa katibu. Si ulipumzishwa? Wahi, dada. Yake inakwisha. Nahesabu polepole kumsaidia, lakini mimi ni spika tu. Saba."

Niko ofisini. Sikupita mlango wowote. Bwawa limekata kona na kuwa korido. Ukutani pameandikwa USIGUSE CHINI. Bwawani maana yake ni kwamba ukigusa sakafu unakatwa alama. Hapa kanuni inafuatwa vizuri zaidi: wageni hatuna ruhusa ya sakafu. Nikabaki hewani, nakoroga kwa miguu kama tunavyokoroga maji, haraka haraka, kama mtu anayepika uji wa watu mia tatu. Ukiacha kukoroga unashuka. Maofisa wao wanaruhusiwa kugusa chini. Wamekaa kabisa.

Mhuri ulikuwa umesimama juu ya meza ya mapokezi. "Tabasamu," ukasema.

"Sina la kunifurahisha."

"Sijauliza. Tabasamu la mashindano, meno ya juu yote. Halitoki hadi urudi majini."

Likajibandika. Kuanzia hapo kila nilichosema nilikisema nikichekelea, na hilo liliniudhi kuliko yote.

Katibu wa chama ni taulo. Jeupe, limekunjwa mara nne, limewekwa juu ya kiti cha kuzunguka. Nilimwangalia vizuri. Hajawahi kulowa hata pembe.

"Karibu, mwanamichezo mstaafu."

"Sikustaafu, mheshimiwa. Nilipumzishwa."

"Ni yale yale, mama."

"Si yale yale. Anayestaafu anaamua mwenyewe na anakatiwa keki. Mimi sikuona hata biskuti."

"Tatizo lako hasa?"

"Pumzi yangu. Mwenzangu yuko chini ya maji anaisubiri."

"Jaza fomu."

Fomu ikajisogeza yenyewe. "Ulijifunza wapi kuogelea?" ikauliza.

"Tangi la kiwanda cha mkonge."

"Jibu lingine."

"Tangi lile lile."

"Mwalimu wako wa kwanza?"

"Maji."

"Maji hayana cheti," fomu ikasema, ikajikunja na kuingia kwenye faili.

Chini ya sakafu nikasikia, "Saba." Nikasubiri saba nyingine. Ikachelewa. Ilipokuja ilikuwa imelegea.

Nikakoroga kwa nguvu zaidi, nikapanda hadi karibu na feni. Kutoka huko juu nikasema, "Katibu, soma barua yenu."

"Barua ilishatoka, haisomwi tena."

"Ninayo kichwani. Mnafikiri kuna siku niliisahau? Soma neno lenyewe, polepole, kama mtoto wa darasa la kwanza."

Katibu akakohoa, vumbi likamtoka. "U-me-pu-mzi-shwa."

"Katikati pana nini?"

"Pana pumzi," mhuri ukasema.

"Nyamaza wewe!"

"Mheshimiwa, ni mimi niliyeligongea. Nilihisi linapanda na kushuka."

Nikashuka taratibu hadi usawa wa meza. "Sasa nisaidie, mimi sikusoma sana. Anayelishwa anapewa nini?"

"Chakula," katibu akajibu kwa shingo upande, ingawa taulo halina shingo.

"Anayevishwa?"

"Nguo."

"Anayepumzishwa?"

Feni ilisimama ili isikie.

"Sisi tulimaanisha ukae kando," katibu akasema.

"Basi mngeandika, kaa kando. Ningekaa, ningewatukana, tungemaliza. Lakini mliona haya, mkatafuta neno laini. Mliandika pumzi. Leteni pumzi."

Hapo katibu akaanza kulowa. Ilianzia pembe moja, ikapanda. Hofu ikamshika, maana taulo kavu linaweza kuwa katibu, lakini likishalowa ni taulo tu.

"Mpelekeni ghala!"

Niko ghalani. Ukutani zimetundikwa tyubu za baiskeli, mamia, zote zinapanda na kushuka. Kila moja ina jina. Wakimbiaji. Mabondia. Golikipa mmoja ambaye tyubu yake inakoroma. Zote zimeandikwa neno lile lile. Yangu iko kona ya mwisho: MWANTUMU SHEKIONDO, AMEPUMZISHWA. Imesinyaa.

"Nani ameitumia?"

"Mpwa wangu aliiazima," katibu akasema. Alikuwa amebebwa kwenye ndoo sasa. "Aliingia nayo majini mara moja, akatoka. Alisema ina ladha ya mkonge."

"Mara moja? Si walisema anaogelea na Apolonia?"

"Waliosema ni sisi. Yule mwenzako alikataa. Tulimwambia atoke, akasema hatoki hadi hesabu ifike nane na wewe ukiwepo. Tulimwandikia barua tatu. Lakini mtu aliye kichwa chini utamwandikia nini? Anasoma kinyume."

Tabasamu lilikuwa linaniuma mashavu. Nilikuwa nimebeba hasira mbili miaka yote hiyo, moja ya chama na moja ya Apolonia, na ile ya Apolonia ndiyo niliyoinoa zaidi kwa sababu ilikuwa karibu. Kumbe niliipeleka nyumba isiyo yake.

"Saba," spika ikasema kutoka chini. Nyingine ikakawia.

Nikabonyeza tyubu. Nusu.

"Inatosha mtu mmoja," katibu akasema kwa upole wa kuudhi. "Jina ni lako. Vuta, uende nyumbani. Na yule tutamtafutia neno zuri."

Nilijua neno lenyewe. Wangesema amepumzika.

Nikaacha kukoroga.

Nilishuka polepole, kwanza vidole, halafu wayo mzima. Nikagusa chini. Kengele ikalia, mhuri ukapiga kelele, "Anakatwa! Anakatwa!" na kweli, sakafu ikakatwa pande zote nilipokanyaga, duara safi, nikaanguka nayo moja kwa moja bwawani. Tabasamu likanibanduka na kubaki likielea juu.

Nikajigeuza kichwa chini nikae kama yeye. Tukatazamana. Kwa namna hiyo sote tulikuwa wima.

"Umechelewa, shoga," Apolonia akasema. Ngozi ya vidole vyake ilikuwa imejikunja kama zabibu kavu.

"Nilikuwa na hasira."

"Na mimi unadhani humu nilikuwa na nini? Chai ya maziwa?"

"Walisema umepata mwenzako."

"Ukaamini. Miaka tisa tunavunjana pua, halafu neno la wiki moja ukaliamini. Hata kuniuliza, Mwantumu? Hata kuja kunitukana mlangoni? Ningefurahi."

"Apo, utanisema baadaye. Nimeleta nusu. Vuta."

"Siwezi kuvuta yote."

"Vuta, wee! Mimi nitabaki, nimezoea kusubiri."

"Nani kakuambia wewe ndiye uliyesubiri?" Akashika tyubu upande mmoja, akaniwekea upande wa pili mdomoni kwa nguvu, kama mama anayempa mtoto dawa. "Kanuni ya wawili. Robo na robo. Na kidevu juu, umeanza kukilegeza."

Tukavuta. Kweli ilikuwa na ladha ya mkonge.

"Spika," nikasema, "malizia."

"Naogopa. Midomo imezoea saba."

"Malizia!" tukasema sote wawili, kwa sauti moja, kwa nukta moja, kama zamani.

Spika ikajikaza. Kisha ikasema nane, na ikaisema kwa mlio kama wa mtu aliyeokota kitu chake. Tukapanda pamoja, nikaona maji yanazidi weupe, yanakuja, yanapasuka juu ya paji la uso wangu.

Nikaamka. Asubuhi ilikuwa imeshakomaa. Jirani alikuwa anafagia uwanja na kumgombeza kuku. Nilikaa kitandani nikimpangia katibu barua, maana ndoto haifuti kitu, na wale wengine bado wametundikwa ukutani. Simu ikatetemeka. Ujumbe, namba sikuijua.

"Mwantumu, ni Apo. Namba nimepewa na mama yako. Usinicheke. Nimeamka masikio yote mawili yamejaa maji, na mimi bwawani sijatia mguu tangu mwaka ule walipokutoa. Wewe hujambo?"

Nikasimama. Nikainamisha kichwa, nikarukaruka kwa mguu mmoja. Maji yakatoka sikioni, ya uvuguvugu, yakashuka shingoni hadi kwenye khanga. Yananuka dawa ya bwawa.

Nikamjibu: "La kushoto tu. Uko wapi, nije unitukane?"