Presha Nzuri, Miguu ya Barafu

Moliehi aliteleza na farasi akirudi kijijini na dawa za kliniki, na farasi akamwangukia ubavu wa kushoto. Walipomfikisha hospitalini kwetu, huku juu milimani, ilikuwa Juni, katikati ya majira yetu ya baridi, na theluji bado imelala kwenye mapaa. Alikuwa amefungwa mablanketi matatu. Kilichoonekana ni uso wake tu, na mkono mmoja uliotolewa nje kwa ajili ya mashine ya presha.

"Mia na kumi na nane," alisema Daktari Phakoe, mganga mkuu wetu, akiisoma namba akiwa amesimama mlangoni. "Presha ya msichana wa shule. Mpasheni joto kwanza. Picha tutampiga kesho."

Mimi ndiye daktari wa upasuaji hapa. Phakoe ndiye anayetoa dawa ya usingizi, kwa hiyo bila yeye sipasui mtu. Nilitaka kulifungua tumbo la Moliehi jioni ile ile. Bega la kushoto lilikuwa likimuuma ingawa halikuguswa, tumbo lilikuwa limekaza, na sikuwa na shaka kwamba bandama imepasuka na damu inamwagikia ndani. Tukingoja kesho, atakufa.

"Soma namba ya chini, Ntate," nilimwambia; Ntate, yaani baba, ndivyo tunavyomwita kila mwanamume wa heshima.

"Tisini na nane. Ina nini?"

"Imeikaribia mno ya juu. Moyo unatoa damu kidogo kwa kila pigo, na mishipa imejibana ili presha isianguke. Mapigo ni mia na thelathini."

"Ameangukiwa na farasi, Selloane. Ulitaka moyo upige taratibu kama wa askofu kwenye ibada?"

Wauguzi walicheka. Mimi sikucheka.

"Njoo umshike miguu."

"Mwezi huu? Hata yako wewe ni barafu."

"Yangu ndiyo usiseme," alidakia muuguzi mkuu. "Mzee wangu ananifukuza kitandani kila siku."

Wakacheka tena. Hili ndilo kosa letu sisi wa huku juu. Kwingine, daktari akigusa mguu wa baridi hujiuliza kwa nini. Sisi, kuanzia Mei mpaka Agosti, kila anayeingia ana miguu ya baridi, basi mkono wetu umeacha kuuliza.

Nilipitisha mkono chini ya mablanketi. Tumbo lilikuwa na joto, paja pia, lakini chini ya goti joto lilikatika. Na alikuwa amelala kando ya jiko la mafuta ya taa tangu mchana. Mama mkwe wake, 'M'e 'Mathuso, yaani Mama 'Mathuso, alikuwa amekuja naye kwa njia ile ile, katika theluji ile ile. Nilimwomba avue viatu, nikamshika miguu. Miguu yake ilikuwa imeshapata joto zamani.

"Daktari, unataka kunioa?" aliniuliza, na kwa mara ya kwanza siku ile Moliehi akatabasamu.

Nilimfuata Phakoe ofisini. Sikumfundisha jambo jipya, na hilo ndilo lililonipandisha hasira. Kila mwaka yeye mwenyewe huwaandikia wanafunzi wa uuguzi ubaoni kwamba presha ni mtiririko wa damu mara ukinzani wa mishipa. Huwaeleza kwamba upana wa mshipa ukipungua nusu, ukinzani huongezeka mara kumi na sita. Hivyo mtiririko unaweza kupungua vibaya sana na presha isionyeshe chochote, mradi mishipa inajibana vya kutosha. Huwatungia mtihani juu ya hilo na kuwafelisha wasiojua.

"Mashine inapima presha," nilisema. "Haipimi kama damu inafika kwenye figo. Hajakojoa tangu alipofika."

"Hajanywa kitu."

"Wewe unayajua haya, Ntate!"

"Punguza sauti. Siwezi kumlaza mtu usingizi mwenye mia na kumi na nane kwa sababu wewe umeshika mguu. Ikishuka, niite."

"Ikishuka tutakuwa tumechelewa."

Alikuwa ameshafungua magazeti yake.

Nilikwenda maabara kuchukua damu mwenyewe, maana ningemtuma mtu angeambiwa asubiri saini ya mganga mkuu. Niliporudi na mifuko miwili ya damu kifuani, wodi ilikuwa na harufu ya kitambaa kilichoungua. 'M'e 'Mathuso alikuwa ameinama miguuni pa Moliehi. Phakoe alikuwa amepita na kumwambia apashe matofali jikoni, ayafunge vitambaa, ayapange pande zote za miguu na mapaja.

"Naona raha, 'M'e," Moliehi alikuwa akisema. "Raha kabisa."

"Njoo uone, Daktari," mama mkwe aliniita, uso umemng'aa. "Miguu imepata joto!"

Ilikuwa imepata joto kweli, na vidole vimepata rangi. Nilibonyeza mashine. Sabini. Nikabonyeza tena, ikakataa kusoma.

Mishipa iliyokuwa imejibana ilikuwa imefunguka kwa joto, na damu ya kuijaza haikuwepo. Niliyatupa matofali sakafuni, moja likavunja kigae, nikamwita Phakoe kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia mahali pa kazi. Alikuja mbio. Sitamnyima haki yake: mikono yake ilifanya kazi sawasawa. Tulipofungua tumbo, damu ilifurika mpaka kwenye viatu vyangu. Nilibana mshipa wa bandama, nikaitoa, tukamrudishia damu. Moliehi akaishi.

Asubuhi, kwenye kikao cha madaktari na wauguzi, Phakoe alishika kikombe cha chai na kueleza: "Mgonjwa alikuwa sawa, presha ikashuka ghafla, tukawahi."

Wote wakaitikia kwa vichwa.

"Hakuwa sawa," nilisema. "Alikuwa akipoteza damu tangu mchana. Kilichoshuka ghafla ni namba, na kilishushwa na matofali yako."

"Selloane, mtu amepona. Unataka nini tena?"

"'M'e 'Mathuso yuko nje kwenye benchi. Hajala. Ameniuliza kama serikali huwafunga watu kwa kosa kama lake, kwa sababu anaamini ni yeye aliyekaribia kumwua mkwe wake. Nenda ukamwambie ni nani aliyemtuma."

"Nikimaliza chai."

Nilikitoa kikombe mkononi mwake nikakiweka mezani. Chai ikamwagikia mkono wa koti lake.

"Sasa hivi, Ntate."

Alikwenda. Nilimfuata mpaka mlangoni. Alisimama mbele ya yule mama, akavua kofia, akasema maneno machache ambayo sikuyasikia, na yule mama akajifunika uso kwa blanketi lake. Kisha Phakoe akaingia wodini, akaipita mashine bila kuitazama, akaingiza mkono chini ya blanketi la Moliehi, upande wa miguuni.