Bastola ya Verlene

Verlene alimaliza risasi zake hamsini kwenye uwanja wa shabaha nje ya mji wa Casper. Mzee Orrin, aliyefundisha watu kulenga kwa miaka thelathini, alimsifu, kisha akamuuliza, "Nyumbani unaishi na nani?"

"Na mume wangu, Clete. Tangu mgodi aliofanyia kazi ufungwe, usiku halali, chakula hagusi. Anashinda gereji tu."

Orrin akavua kofia. "Basi mama, hiyo bastola isilale kwako. Niachie mimi."

"Na yule mwizi aliyevunja nyumba yetu akirudi?"

"Mpigie kelele. Mwanangu Wade nilimfundisha kila kitu cha bunduki, nikampa na ufunguo wa kabati la bunduki. Niliona amebadilika, nikanyamaza. Akajipiga risasi. Huu ni mwaka wa sita tangu nimzike."

Verlene alikasirika, lakini akaiacha.

Kesho yake asubuhi Clete alifika ofisini kwa Orrin pale uwanjani, ndevu hajanyoa, akasema mkewe amemtuma aichukue bastola. Orrin alifunga mlango kwa ndani, akamvutia kiti.

"Keti, bwana. Hiyo huipati."

Clete alisimama pale, ngumi amezikunja. Halafu akakaa, akalia kwa sauti, na Orrin akampigia simu Verlene.