Maji Kwenye Silinda ya Tatu

Jumamosi asubuhi gari la Zita liliingia gereji yangu Endagikot likitetemeka kama ng'ombe mwenye homa. Zita akashuka. Alikuwa amevaa gauni la kitenge ambalo sikuwahi kuliona.

"Kaka Balta, nisaidie. Tangu jana jioni haina nguvu kabisa, na taa ya injini haizimi."

Zita ni muuguzi, ametoka Songea kuja kufanya kazi kwetu Mbulu. Mwaka mzima hakuna mkono mwingine uliofungua boneti ya gari lile isipokuwa wangu. Nilikuwa namtumia mashairi kwenye simu, nimetunga mwenyewe, vina vimekaa sawasawa, naye alijibu kwa picha ya kidole gumba. Nilikihesabu kidole gumba kuwa mwanzo mzuri.

"Unaenda wapi umependeza hivyo?"

"Masakta, huko Hanang." Akatazama pembeni. "Kuna shughuli kidogo."

Nikafungua boneti, nikaduwaa. Injini iling'aa. Tope jekundu la barabara ya Dongobesh, ambalo mimi hulifuta taratibu kwa brashi na kitambaa, lilikuwa limetoweka hata kwenye pembe ambazo mkono haufiki. Mtu alikuwa amepiga humo maji ya presha.

Nikawasha injini, nikaanza kuchomoa soketi za koili moja moja. Koili ndiyo inayoipa plagi umeme wa kuchoma mafuta. Ukichomoa soketi ya koili nzima, injini inazidi kuyumba. Nilichomoa ya kwanza, ikayumba. Ya pili, ikayumba. Ya tatu, hakuna kilichobadilika, kana kwamba sijagusa kitu. Nikazima, nikaing'oa. Ilitoka ikidondosha maji, mpira wake umepasuka, na shimo la plagi limejaa kama kikombe. Nikaikausha, nikaipeleka silinda ya kwanza. Ugonjwa nao ukahamia huko.

"Nani ameosha injini hii?"

"Kwani ni vibaya?"

"Nimeuliza nani, Zita."

"Mwalimu Patriki. Alisema gari likifika kwao, lazima baba yake afungue boneti aangalie. Hakutaka mzee aone tope."

Kumbe shughuli ndiyo hiyo. Anakwenda kuonyeshwa kwa wazazi. Niliiona mikono ya Patriki, laini, imezoea chaki, ikizunguka ndani ya injini yangu. Yangu! Ndiyo, niliiita yangu.

"Koili imekufa," nikasema. "Mbulu nzima haipo. Tuagize Arusha, labda Jumatano."

Nyuma yangu, kwenye droo, kulikuwa na koili nzima niliyoitoa kwenye gari lililopinduka.

Zita akakaa juu ya tairi kuukuu. "Wameshachinja mbuzi, Balta."

"Watamla wenyewe. Nikuagizie chai?"

Nilifurahi, sifichi. Nilikuwa bado nimefurahi pale bodaboda iliposimama na Patriki akashuka, suti nyeusi, viatu vinametameta.

"Vipi, tunaondoka?"

"Haiendi," Zita akamwambia. "Koili mpaka Arusha."

Patriki akacheka kidogo. "Si nilikwambia? Mafundi wa hapa ni wa kubadilisha oili tu. Ngoja nimpigie jamaa wa Babati. Ana mashine, anachomeka, inamwambia ugonjwa."

"Rudia, mwalimu."

"Sijakutukana, ndugu yangu. Kama imekushinda, imekushinda."

"Imenishinda mimi? Wewe unamwagilia umeme kama bustani ya mchicha, halafu imenishinda mimi?"

"Balta, tafadhali," Zita akasema.

Patriki alikuwa ameshatoa simu. Nikamwona huyo mtu wa Babati akiinama kwenye gari hili, akitikisa kichwa, akisema mbele ya Zita kwamba ni koili tu, Baltazar ameshindwa na koili. Hapana. Zita akae Mbulu mpaka Jumatano akiamini hivyo? Hapana!

Nikavuta droo. Nikanyonya maji kwa kitambaa, nikapuliza shimo kwa upepo wa kompresa, nikapachika koili, nikawasha. Mlio ukatulia, laini, silinda zote nne.

Zita aliitazama droo, kisha akanitazama mimi kwa muda mrefu. "Si ulisema Mbulu nzima haipo?"

"Nimeikumbuka."

Akashika usukani. Patriki akanipa mkono, na mbaya zaidi, alinipa kwa moyo safi. "Nisamehe. Kweli wewe ni fundi."

"Mwambie mzee afungue boneti," nikamjibu. "Aangalie vizuri."

"Asante, kaka Balta," Zita akasema, na safari hii neno kaka lilikaa mahali pake hasa.

Wakaondoka. Nilisimama barabarani nimetega sikio, nikiomba gari lipige kikohozi kimoja tu, lirudi. Lilipanda kilima chote, bila kukosa hata pigo moja.