Sauti ya Baba na Upepo wa Kawe

“Si uondoe tu huo upepo, dada?” Gaudens aliniuliza kwa simu, kana kwamba natoa unywele kwenye mchuzi.

Nilimkatia. Kwenye kompyuta, baba alisimama ufukweni Kawe, shati limejaa upepo, mdomo ukifunguka na kufumbika. Kilichosikika ni ngurumo tu, kama mtu anayeburuza turubai juu ya bati.

Video ile tuliichukua Jumapili ya mwisho kabla ya operesheni. Daktari alishatuambia kwamba uvimbe wa kooni ukitolewa, sauti itaondoka nao. Baba, aliyefundisha Chang'ombe mpaka akastaafu, alitaka kumwachia neno mwanangu, ambaye bado alikuwa tumboni. Kurekodi akapewa mdogo wangu Gaudens, maana simu yake ndiyo ilikuwa mpya. Wala hakuna aliyekumbuka kuisikiliza palepale.

Sasa Noela wangu alishaanza kukaa, na babu yake alizungumza naye kwa mikono. Baba angeweza kuniandikia aliyoyasema, lakini mama alikataa.

“Maandishi yake tunayo tele. Mie nataka sauti.”

Basi nikahangaika. Nikakata mivumo ya chini. Ngurumo ikapungua, na uzito wa sauti ya baba ukaondoka nayo. Nikakaza programu ya kusafisha kelele. Baba akawa anaongea kama mtu aliyeingiza kichwa kwenye ndoo. Nikafuta, nikaanza upya. Gaudens akatuma ujumbe: “Vipi, bado tu?” Nilitamani kumrushia kompyuta yenyewe.

Mwishowe niliacha kutafuta usafi. Nikapunguza kelele kidogo kidogo, kipande kwa kipande, upepo mwingine nikauacha uvume. Maneno karibu yote yalikuwa yamekwenda. Pale mwishoni tu, upepo ulipotulia, sauti ya baba ilianza kutoka safi; nikaisimamisha hapohapo, ili tuisikie wote pamoja.

Niliwaita wote barazani, nyumbani kwetu Chanika. Nikabonyeza.

“Gaudens, geukia huku, mwanangu! Unarekodi upepo!”

Basi. Hapo ndipo video ilipoishia.

Gaudens akainamia viatu vyake. Kazi yote ile, na mwanangu hakuachiwa hata neno moja! Nikanyoosha mkono nizime.

Baba akanizuia. Alikuwa ameshika kitambaa kilichofunika koo lake, na mabega yakimtikisika. Nilidhani anakohoa. Kumbe anacheka, bila mlio wowote, machozi yakimtiririka.

“Ndo yeye,” mama alisema, akijifuta macho kwa ncha ya kanga. “Ndo yeye kabisa, na kelele zake za darasani.”

Baba akampakata Noela, akasogea karibu na spika, akaninyooshea kidole: tena.

Nikaweka tena. Noela akageuza shingo, akaitafuta ile sauti, kwanza kwenye spika, kisha usoni kwa babu yake.